Shangazi wa Maleba Anajibu: Tulicheka Mpaka Penye Kilio

Shangazi alishona maleba na kuvisha wigi kwenye tamthilia za Dar es Salaam kwa miaka 16. Sasa anajibu maswali ya wasomaji kuhusu wanayoyaona kwenye runinga.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Tanga. Mwezi uliopita shemeji yangu alituletea flashi yenye filamu ya TV ya Kimarekani iitwayo Liz & Dick, inayohusu maisha ya waigizaji maarufu wa zamani, Elizabeth Taylor na mumewe Richard Burton. Tulikaa sebuleni kwa nia njema kabisa, tuone mapenzi ya wakubwa. Haikufika nusu saa, nyumba nzima tunacheka. Wakigombana tunacheka, wakipatana tunacheka, na Burton alipofariki nikacheka mpaka nikatoka nje kupunga hewa. Mume wangu amenuna. Anasema wale walikuwa watu, wana watoto na wajukuu, na marehemu hachekwi. Mimi tangu siku ile nimeirudia mara tatu, na kila nikirudia naipenda zaidi. Je, waliotengeneza walikusudia tucheke? Na mume wangu ana haki ya kununa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawakukusudia. Hilo nakuhakikishia kabla ya mengine yote. Filamu iliyokusudia kuchekesha unaijua mapema, maana waigizaji wanakuangalia kwa pembe ya jicho kukuuliza kama umeipata. Lindsay Lohan, aliyeigiza Taylor, hakuangalii hivyo hata mara moja. Ameingia mzimamzima.

Filamu hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza na kituo cha Lifetime cha Marekani tarehe 25 Novemba 2012. Watu kama milioni 3.5 waliiangalia usiku ule, na wengi walikuwa na simu mkononi wakiandikiana mtandaoni, mbavu hawana. Kicheko chenu cha Tanga ni kilekile, kimechelewa njiani tu. Taylor mwenyewe alikuwa amefariki Machi 2011, hata miaka miwili ilikuwa haijatimia. Na Lohan alichaguliwa kwa sababu zinazoeleweka. Taylor aling'ara akiwa na miaka 12 katika filamu ya mbio za farasi ya mwaka 1944, na Lohan naye aling'ara akiwa mtoto, mwaka 1998. Wote wawili walikulia mbele ya kamera, wote wawili wapiga picha waliwaandama mpaka mlangoni. Ukiyaandika hayo kwenye karatasi, unasema mtu amepatikana.

Mambo yanaharibikia kichwani, nikimaanisha kwenye nywele. Burton alifariki tarehe 5 Agosti 1984, Taylor akiwa na miaka 52. Lohan alikuwa na miaka 26. Sasa utakapoirudia mara ya nne, angalia sehemu za miaka ya themanini. Utaona wigi jeusi limetuna juu ya uso wa binti ambaye shingo yake haina mkunjo hata mmoja. Uzee haukai kwenye nywele, mwanangu. Unakaa shingoni, mgongoni mwa viganja, na katika namna mtu anavyoinuka kitini. Ukimvisha binti nywele za mama yake bila hayo mengine, jicho la mtazamaji linaliona wigi kabla ya kumwona mtu, na likishaliona haliliachi. Binti atalia, atazimia, wewe uko na wigi.

Haya nayajua kwa mikono yangu. Mwaka 2009 nilikuwa mtu wa nywele na maleba kwenye tamthilia moja, kituo sikitaji. Binti wa miaka 23 alitakiwa awe bibi wa miaka 70 katika sehemu ya mwisho, akiwa kando ya kitanda cha mumewe anayekata roho. Fedha tulizopewa zilitosha wigi moja, tukalinunua Kariakoo, na lilikuwa jeusi tii. Tukalipaka poda ya mtoto, kopo zima. Ilikuwa Februari, feni zimezimwa ili zisiingie kwenye sauti, taa mbili kubwa zinamwakia usoni. Yule binti alikuwa amemzika mama yake miezi minne nyuma. Muongozaji alipotoa ishara, akalia kilio cha kweli, kile cha kutoka tumboni, na jasho likaanza kushuka. Poda ikayeyuka. Mfereji mweupe ukatoka chini ya wigi, ukapita kwenye paji la uso, ukafuata pua, ukadondoka kwenye mkono wa marehemu. Jamaa wa sauti alijiziba mdomo kwa ngumi, machozi yanamtoka. Hakukuwa na muda wa kurudia, maana nyumba ilikuwa ya kukodi na mwenyewe anataka funguo saa kumi na mbili. Ikarushwa hivyohivyo.

Mtaani wakamwita Bibi Poda mwaka mzima. Watoto walikuwa wanaigiza lile onyesho kwa unga wa ngano. Na mimi nakwambia, katika miaka yangu 16 sijaona kilio kizuri kuliko kile. Angelia nusunusu, kwa uvivu, watu wangebadilisha stesheni na leo hakuna anayekumbuka. Walicheka kwa sababu yeye alitoa roho yake yote na wigi likamsaliti.

Wamarekani na Waingereza wana neno la ladha hii, wanaiita kempu. Mwandishi wa Kimarekani Susan Sontag aliiandikia insha mwaka 1964, na akasema kempu iliyo safi ni ile isiyojijua: kiini chake ni umakini, umakini ulioshindwa. Niliposoma maneno hayo nilimkumbuka yule binti.

Kuna jambo jingine ambalo nyinyi mlioangalia kwa flashi hamkuliona. Filamu za namna hii huandikwa kwa kufuata matangazo ya biashara. Kila baada ya dakika kumi na kitu linakuja tangazo, na kabla ya tangazo lazima pawe na kishindo, ama mlango ubamizwe, ama glasi irushwe, ama mtu atamke neno la kukata mshipa, ili mtazamaji asihame. Kule kwao kishindo kinafuatwa na sabuni na gari, moyo unapoa. Kwenye flashi matangazo yamekatwa. Kishindo kinapokea kishindo. Ndiyo maana mnaona wale wawili wanaachana na kurudiana kama watu wanaokimbizwa. Ongeza kwamba kazi hizi hupigwa haraka, wiki tatu nne basi, na ongeza pia lile pambo la wawili kukaa kwenye giza tupu, wamevaa nyeusi, wakitusimulia maisha yao kana kwamba wanahojiwa ahera. Tumetoka kuona jambo, wao wanatuambia tulichokiona.

Na maisha yenyewe yalikuwa na chumvi tayari! Hapo ndipo napowaonea huruma waandishi wao. Walipendana Roma mwaka 1962 wakati wa kupiga filamu ya Cleopatra, ambayo Taylor alilipwa dola milioni moja, malipo ambayo hayakuwa ya kawaida kwa mwigizaji yeyote. Wote wawili walikuwa na ndoa zao, na gazeti la Vatican likawakemea. Wakaoana 1964, wakaachana 1974, wakaoana tena Oktoba 1975 huku kwetu Afrika, Botswana, kando ya mto Chobe, kisha wakaachana tena 1976. Mwaka 1969 Burton alimnunulia almasi ya karati 69.42 kwa zaidi ya dola milioni moja. Mwaka huohuo alimnunulia lulu ya kale ya wafalme wa Hispania, iitwayo La Peregrina, na siku moja ikapotea hotelini, Taylor akaikuta mdomoni mwa kijibwa chao. Mtu mwenye maisha kama hayo anahitaji msimuliaji wa sauti ya chini. Chungu chenye chumvi kiasi hicho mpishi anakiongezea maji. Wale wakaongeza chumvi.

Sasa mumeo. Nenda naye taratibu, maana kuna kitu amekihisi ambacho ni cha kweli. Marehemu ana heshima yake. Lakini mwulize, katika vicheko vyote vile, kuna kimoja kilichomgusa Burton mwenyewe? Yule mtoto wa 12 kati ya 13 wa mchimba makaa wa Wales, aliyetoka na sauti ile iliyojaza majumba ya maonyesho, hayumo kwenye flashi yenu. Mmecheka wigi, mmecheka kishindo kisicho na tangazo. Hata mwigizaji wake, Grant Bowler, nadhani amefanya kazi ya kiume kabisa kwa alichopewa.

Nakupa dawa ya kumaliza mnuno. Tafuteni Who's Afraid of Virginia Woolf? ya mwaka 1966, mkae tena sebuleni, watoto walale kwanza kwa sababu kuna matusi na pombe. Humo wamo Taylor na Burton wenyewe, mke na mume wa kweli wakiigiza mke na mume wanaotafunana usiku kucha. Na hapa, mwanangu, ndipo mtu wa nywele kama mimi ninapotaka kusimama. Taylor alikuwa na miaka 33 walipoipiga. Mhusika wake ana miaka hamsini na kitu. Naye pia alivishwa wigi, lenye mvi! Lakini tazama alivyofanya yale mengine. Alinenepa kwa makusudi, yeye aliyekuwa akiitwa mwanamke mzuri kuliko wote duniani. Akaiacha midomo ilegee. Tazama anavyosimama mbele ya friji mwanzoni anatafuna paja la kuku, anavyoweka uzito wote kwenye nyonga moja kama mtu aliyechoka na mwili wake. Wigi limepotea. Sikulikumbuka mpaka filamu ilipokwisha, na mimi kazi yangu ni kuyaona mawigi. Walimpa Oscar, ya pili maishani mwake, na ilimstahili.

Mumeo akishaiona hiyo, atakuwa amewaamkia wenyewe. Baada ya hapo mrudishie Liz & Dick, uone kama hatacheka.

SWALI: Habari ya siku nyingi Shangazi? Sisi ni kikundi cha wanafunzi Nairobi, Ijumaa jioni tunakutana kwa chumba cha mmoja wetu kuangalia hizi filamu za maisha ya mastaa zilizoharibika. Ijumaa iliyopita tuliona ya Britney Spears, tukacheka vibaya sana. Ijayo ni ya Aaliyah, yule mwimbaji wa Marekani aliyefariki. Msichana mmoja kwenye kikundi amekataa kuja na anasema tusiionyeshe. Wengine wanaona anakuza mambo. Wewe unasemaje? (Mwanafunzi, Nairobi)

JIBU: Salama mwanangu. Ya Britney, Britney Ever After ya mwaka 2017, chekeni kwa amani. Mwenyewe hakushirikishwa, na nyimbo zake hazimo, hata moja. Fikiria filamu ya mwimbaji isiyo na nyimbo zake! Ndiyo sababu wakabaki wanacheza dansi badala ya kuimba, mpaka lile onyesho la yeye na Justin Timberlake kupambana kwa kucheza ukumbini. Mimi lile nimelionyesha kwa wajukuu.

Ya Aaliyah ni habari nyingine, na ningekuwa mimi ningekaa upande wa huyo binti.

Ilirushwa na Lifetime hiyohiyo tarehe 15 Novemba 2014, mtangazaji Wendy Williams akiwa mmoja wa wasimamizi wake. Familia ya marehemu haikuitaka. Zendaya, aliyepangiwa kuigiza, alijitoa, nafasi ikaenda kwa Alexandra Shipp. Watu wakacheka, na walikuwa na la kuchekea: waigizaji waliopewa kuwa wanamuziki wenzake Missy Elliott na Timbaland hawakufanana nao hata kwa mbali, mpaka watu mtandaoni wakawa wanabandika picha za watu wasiofanana kabisa na mastaa wakisema hii ndiyo Lifetime. Hicho nami nilikicheka, kwa sababu kupanga watu ni kazi, na kazi mbovu inachekwa.

Ila ndani yake kuna mwimbaji R. Kelly. Agosti 1994 yule mtu mzima wa miaka 27 alimuoa Aaliyah akiwa na miaka 15, kwa cheti kilichoandikwa kuwa ana 18. Ndoa ikabatilishwa mwaka uliofuata. Na filamu imelipamba jambo hilo kwa macho ya mapenzi, kama wapenzi wawili waliotenganishwa na wazazi wasiowaelewa. Aaliyah alikufa kwa ajali ya ndege Bahamas tarehe 25 Agosti 2001, ana miaka 22, hakuwapo kusema sivyo. Januari 2019 kituo hichohicho kilirusha mfululizo wa wanawake wakieleza waliyotendewa na R. Kelly. Mwaka 2021 mahakama ya New York ikamtia hatiani, na rushwa aliyotoa ili apate kitambulisho cha uongo cha Aaliyah ilikuwa ni sehemu ya kesi hiyo. Mwaka 2022 akahukumiwa miaka 30.

Sasa keti uangalie mapenzi hayo huku ukijua hayo yote. Wigi likikaa upande, nani ana moyo wa kuliona? Mimi nina binti, na alipokuwa na miaka 15 alikuwa bado analala na taa imewashwa. Nilizima runinga pale.

Mrudieni mwenzenu, mwambieni abaki kwenye kikundi, na Ijumaa hiyo mchague nyingine.

SWALI: Asalaam aleikum Bi Shangazi. Niko Unguja, nimemaliza masomo ya filamu, na nnataka kutengeneza filamu ya TV ya maisha ya Siti binti Saad. Nnayo skripti, inaanza alipozaliwa Fumba na inaisha alipofariki mwaka 1950, dakika 90. Fedha ni kidogo. Hofu yangu ni moja tu: nisije nikamfanya bibi yetu kichekesho. (Kijana, Unguja)

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Umenigusa. Siti ndiye mwanamke ambaye ningependa kumvisha kuliko wote, na barua yako nimeisoma mara mbili.

Skripti yako iweke kabatini. Miaka 70 ndani ya dakika 90, kwa fedha kidogo, ni kujitafutia kopo la poda. Utahitaji Siti mtoto, Siti binti anayetembeza vyungu, Siti mwimbaji, Siti mzee. Watu wanne wasiofanana, au mmoja mwenye mawigi manne. Kila baada ya dakika chache itabidi mtu aseme mwaka gani sasa na nani amefariki. Hapo ndipo watu wanapoanza kucheka.

Nikupe mfano. Miezi minane baada ya ile Liz & Dick, Julai 2013, BBC ya Uingereza nayo ilitoa filamu ya TV ya watu walewale wawili, Burton & Taylor. Helena Bonham Carter na Dominic West. Hawakugusa Roma, wala almasi, wala ndoa ya kwanza. Walichukua mwaka 1983 peke yake, wale wawili wameshaachana mara mbili, wanafanya tamthilia ya jukwaani pamoja New York. Bonham Carter alikuwa na miaka arubaini na kitu, anaigiza mwenye 51. Basi ni nywele za aina moja, mwili mmoja, mgongo mmoja unaomuuma Burton, na tunapata muda wa kuwatazama wakinywa chai. Hakuna aliyecheka pasipostahili.

Kwa hiyo chukua 1928. Siti na wenzake wanasafiri kwenda Bombay kurekodi santuri, nyimbo za Kiswahili. Anza nao melini na umalize wakiwa wamesimama mbele ya kifaa cha kunasia sauti. Yumo Siti, wamo Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam, Maalim Shaaban. Hao watano tu wanakutosha. Fumba na vyungu vyake vitakuja vyenyewe, kwa neno moja atakalolitamka usiku, au kwa namna atakavyoshika gudulia la maji. Mtu aliyebeba vyungu kichwani utotoni ana shingo yake, na hiyo shingo mwigizaji anaweza kujifunza kwa mwezi mmoja akitembea na ndoo.

Usimtafute mrembo umfundishe kuimba. Tafuta mwimbaji wa taarab, mwenye miaka arubaini na kitu, umfundishe kukaa kimya mbele ya kamera. Aimbe mwenyewe, palepale, bila kufunika sauti ya mtu mwingine. Na uwaone wazee wa familia ya Siti mapema, uwaambie unachotaka kufanya, kabla hujapiga hata picha moja.

Mawigi usinunue. Tutasuka nywele zake mwenyewe, na sehemu kubwa atakuwa amejifunika. Mavazi ya wakati ule nitayashona mimi, kanga na kitambaa cha kujitanda nitavitafuta huku Dar kwa watu ninaowajua. Ukishampata mwimbaji wako, nitumie vipimo: mzunguko wa kichwa, bega kwa bega, na kutoka kisogoni mpaka kiunoni.